Maswali ya Wasomaji: Dawa nano za kansa, zinafikaje kwenye uvimbe?

Assalaam aleikum wasomaji wetu, hamjambo nyote. Mwezi huu meseji zimemiminika kuhusu hizi dawa za kansa zinazoitwa nano, zile watu wanaambiwa zimepakwa kitu juu ndio ziende kwenye saratani peke yake. Nimechukua chache ambazo naona zinagusa wengi, majina tumeyaficha, na pale panapotaka maelezo marefu nitasema kwa urefu maana hili si jambo la kujibiwa nusunusu.

SWALI: Kaka, mamangu ana saratani ya titi, ameanza kemo ile nyekundu hapa hapa Mombasa na nywele zishaanza kutoka. Sasa binamu yangu yuko Uingereza ametuma voice ati huko kuna dawa ile ile lakini imetiwa ndani ya vitu vidogo sana, inaenda kwenye kansa tu haigusi kwengine. Nyumbani kumekuwa na maneno, wajomba wanasema tusimamishe hii tuchangishane tununue ile. Ni kweli haigusi kwengine? Na mbona mamangu hakupewa? – Binti wa Kisauni

JIBU: Dadangu pole sana, na mama mpe salamu zangu. Kabla ya lolote nakuomba, msiisimamishe kemo kwa sababu ya voice ya WhatsApp, hata kama aliyetuma anampenda mama kama nyinyi. Kemo ina ratiba yake, kuikatiza katikati ni kuipa kansa nafasi ya kupumua, na wajomba waelezwe hivyo kwa heshima lakini waelezwe.

Binamu yako hakusema uongo, alichosema ni nusu. Ile dawa nyekundu ni doksorubisini, dawa ya miaka mingi na bado ni kati ya zile zenye nguvu kwa saratani ya titi. Shida yake ikishaingia kwenye mshipa inasambaa mwili mzima, inapiga seli zinazogawanyika haraka popote zilipo, ndio nywele zinatoka, mdomo unafanya vidonda, damu inashuka, na zaidi ya hayo inaumiza msuli wa moyo. Madhara ya moyo yanajumlishwa dozi kwa dozi, hayasahauliki, kwa hivyo daktari anahesabu jumla ya dawa yote tangu siku ya kwanza, na ikikaribia miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita mraba ya mwili hatari ya moyo kushindwa kufanya kazi inapanda sana. Ndio maana mama anatakiwa afanyiwe eko ya moyo, kile kipimo cha mawimbi ya sauti, na kama bado hajafanyiwa uliza.

Sasa hiyo nyengine. Inaitwa Doxil, kule Ulaya ni Caelyx, na ndani yake dawa ni ile ile doksorubisini ila imefungiwa ndani ya liposomu, yaani vitone vyenye ukuta wa mafuta ambavyo Alec Bangham aliviona kule Uingereza miaka ya 1960. Kila kimoja kina upana wa kama nanomita 80 hadi 100, na unywele mmoja wa mtu una kama nanomita 80,000, kwa hivyo unaona tunazungumzia udogo gani. Watafiti walifurahi wakadhani kazi imekwisha, kumbe liposomu ikiingia kwenye damu ikiwa tupu haikai. Protini za damu zinaikimbilia zinaigandia, na zile seli za kinga zinazomeza vitu vigeni, makrofeji, ambazo zimejaa kwenye ini na kwenye wengu, zinaona alama hiyo zinaimeza. Dawa inaishia kwenye ini na kansa iko palepale.

Kilichobadilisha mambo ni kugeuza ngozi ya nje ya ile liposomu. Walipanda juu yake nyuzi za polietilini glaikoli, kwa ufupi PEG, kitu kinachopenda maji sana, kikashikilia tabaka la maji kuizunguka chembe yote na protini zikawa zinapata taabu kushika. Kwa hilo tu dawa ikaweza kuzunguka kwenye damu siku kadhaa, nusu yake inachukua kama saa 55 kutoka, na Marekani wakaipitisha 1995, kwanza kwa saratani ya Kaposi kwa wagonjwa wa ukimwi, baadaye kwa saratani ya ovari. Ikizunguka muda mrefu hivyo inapata nafasi ya kupita kwenye uvimbe mara nyingi, na mishipa ya damu ya uvimbe hujengwa vibaya vibaya, inavuja, jambo ambalo Wajapani Matsumura na Maeda waliliandika 1986, basi chembe zinapenya humo na kubaki.

Lakini angalia hapo dadangu, hakuna mahali nimesema ile dawa inaijua kansa. Haiijui. PEG haitambui seli yoyote, kazi yake ni kuifanya dawa isikamatwe mapema, kisha inaingia popote mishipa inapovuja. Kwa hivyo la kusema haigusi kwengine si kweli. Moyo unapata nafuu kubwa, hilo limethibitishwa, nywele pia hutoka kidogo kuliko kwa ile ya kawaida, lakini dawa inajikusanya kwenye ngozi ya viganja na nyayo, zinakuwa nyekundu zinachoma zinachubuka, na kwenye majaribio ya saratani ya ovari karibu nusu ya wagonjwa walipata hali hiyo. Mtu anayepika na kufua kwa mikono yake hilo si jambo dogo hata kidogo.

Na kuhusu kwa nini mama hakupewa. Walipozilinganisha hizi mbili kwa wanawake ambao saratani ya titi ilikuwa imeshasambaa, zilizuia kansa karibu sawasawa, tofauti ikawa kwenye moyo. Ndio Ulaya wakairuhusu kwa saratani ya titi iliyosambaa hasa mgonjwa akiwa na hatari ya moyo. Kama ya mama imegunduliwa mapema na lengo ni kuiponya, ile ya kawaida pamoja na wenzake ndiyo iliyopimwa kwa kazi hiyo kwa miaka, kwa hivyo msijione mmepewa dawa ya watu maskini. Mukienda kliniki muulizeni daktari mama ameshapata doksorubisini kiasi gani kwa jumla, eko inasemaje, na kama moyo utaanza kulalamika wana mpango gani, hapo ndipo hii ya liposomu inaweza kuingia kwenye mazungumzo. Pesa za kuchanga zitawafaa kwa nauli, chakula, vipimo na siku ambazo mama hawezi kufanya kazi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi. Nimesoma kuwa ukibandika antibodi, zile protini za kinga zinazoshika kitu kimoja maalum, juu ya chembe nano inaenda kushika vipokezi vya HER2, protini zilizojaa juu ya seli za baadhi ya saratani za titi. Halafu nikasoma kwengine kuwa asilimia 0.7 tu ya dozi ndiyo inafika kwenye uvimbe. Sasa hizo antibodi zinafanya kazi gani? Na mbona dawa hizi hazijajaa sokoni baada ya miaka yote hii? – Mwanafunzi, Tudor

JIBU: Kijana wangu swali lako nimelipenda mno, na hapa nitakaa.

Hiyo 0.7 ni ya kikundi cha Warren Chan kule Toronto, 2016, walikusanya tafiti za miaka kumi, karibu zote za panya, wakachukua kiwango cha katikati. Wapo waliobishana nao kuhusu namna ya kupiga hesabu, lakini hata ukiipandisha mara kadhaa ujumbe haubadiliki, sehemu kubwa ya dozi inaenda kwenye ini na wengu. Kwa hivyo twende nayo hiyo chembe yako yenye antibodi tuone inapatwa na nini njiani.

Kwanza inaingia kwenye damu. Kwenye maabara uliipima ndani ya maji safi yenye chumvi, ikashika HER2 vizuri, ukafurahi. Damu si maji. Dakika chache tu inavikwa tabaka la protini, albumini, fibrinojeni, apolipoprotini, antibodi za mwili wenyewe, na kina Dawson na Linse ndio 2007 waliotuonyesha kwamba seli haikutani na chembe uliyoitengeneza wewe, inakutana na hilo tabaka. Kikundi cha Dublin 2013 walichukua chembe zilizobandikwa transferini, protini ambayo vipokezi vyake ni vingi kwenye seli za kansa, wakaziweka ndani ya seramu, yaani maji ya damu bila seli zake, na uwezo wake wa kutambua vile vipokezi ukapotea. Transferini ilikuwepo bado, imefunikwa tu. Ni sawa na mzigo ulioandikwa anwani vizuri halafu ukaanguka kwenye tope, anwani iko lakini nani ataisoma. Mimi naona hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye taaluma hii na vitabu vingi vya wanafunzi vinalipita mbio, vinachora mpira una antibodi zimesimama vizuri kuuzunguka, hakuna hata protini moja ya damu kwenye picha.

Tuseme umefanikiwa, antibodi zako hazijafunikwa. La pili ni kwamba antibodi haivuti kitu kutoka mbali. Haina sumaku. Inashika pale tu chembe inapokuwa imeshafika pua kwa pua na seli, na kufika huko ni kazi ya mtiririko wa damu na mishipa. Kuna kazi nzuri ya kina Kirpotin ya 2006, walichukua liposomu za PEG zenye vipande vya antibodi vya HER2 na nyengine zisizo navyo, wakawapa panya wenye uvimbe wa HER2, na kiasi kilichofika kwenye uvimbe kilikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuwa baada ya kufika, zile zenye antibodi zilikuwa zimeingia ndani ya seli za kansa na zile nyengine zimebaki nje nje kati ya seli na ndani ya makrofeji. Kwa hivyo jibu la swali lako la kwanza ni hilo, antibodi inabadilisha nani anaimeza dawa ikishafika, haibadilishi sana kiasi kinachofika. Kwa dawa ambayo inapenya seli yenyewe faida ni ndogo. Kwa dawa ambayo haiwezi kuingia bila kubebwa, mfano zile RNA fupi za kuzima jeni, faida ni kubwa, na Mark Davis na wenzake waliripoti 2010 kwamba chembe zao zenye transferini zilionekana ndani ya uvimbe wa wagonjwa wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, na kuzima jeni iliyokusudiwa.

Halafu kuna suala la ngapi na vipi. Wanafunzi hudhani ukibandika antibodi nyingi ndio vizuri. Sivyo. Ukizijaza zinaharibu lile tabaka la maji la PEG, chembe inaonekana tena, ini linaichukua. Ukitumia antibodi nzima, mkia wake ndio ule ule makrofeji wanautafuta, kwa hivyo wengi hutumia kipande tu cha kushikia. Ukiibandika ovyo ovyo kwa kemia ya kushika popote penye amino, nyingi zinalala upande au zinapinduka, sehemu ya kushikia iko chini, ndio sasa watu wanapendelea kubandika kwa sehemu moja maalum ili zote zielekee nje. Ukipata inayoshika kwa nguvu kupita kiasi nayo ina balaa lake, chembe inaganda kwenye seli za kwanza karibu na mshipa, zile za ndani ya uvimbe hazipati kitu. Na nyuzi za PEG zikiwa ndefu kuliko kamba ya antibodi zinaifunika. Kila kimoja unachokirekebisha kinagusa chengine, hii kazi inataka subira.

Sasa soko. MM-302 ilikuwa ni liposomu ya PEG yenye doksorubisini na vipande vya antibodi vya HER2, nzuri kwenye karatasi na nzuri kwa panya, ikaingia jaribio kubwa la wagonjwa wa saratani ya titi likaitwa HERMIONE, likasimamishwa 2016 kwa sababu haikuonyesha kuwa itawashinda wale waliopata tiba ya kawaida. Mwaka huo huo kampuni ya BIND, iliyokuwa na chembe ya kushika PSMA, protini iliyo juu ya seli za saratani ya tezi dume, ikafilisika. Na wakati huo huo antibodi zilizofungwa dawa moja kwa moja bila chembe yoyote zikawa zinasonga, Kadcyla 2013, Enhertu 2019, zote za HER2. Kwa nini? Maoni yangu ni mambo mawili. Antibodi yenye dawa ni molekuli ndogo, ina upana wa kama nanomita 10, inapenya pale ambapo chembe ya nanomita 100 inakwama. La pili, na hili ndilo linaniuma, wagonjwa wa Kadcyla wanachaguliwa kwa kipimo cha HER2, lakini kwenye majaribio makubwa ya chembe nano wagonjwa hawakuchaguliwa kwa kupimwa kabla kuona kama mishipa ya uvimbe wao inapitisha chembe za ukubwa huo. Walipoweka shaba ya mionzi ndani ya MM-302 na kuwapiga skani wagonjwa waliona kiasi kinachoingia kinatofautiana mno, mgonjwa na mgonjwa, hata uvimbe na uvimbe ndani ya mgonjwa mmoja. Ukiwachanganya wote kwenye jaribio moja, ambao dawa imewafikia na ambao haikuwafikia, utapata jibu gani zaidi ya hapana?

Na 2020 kikundi hicho cha Toronto wakaja na jengine, wakaonyesha kwa panya kuwa hadi asilimia 97 ya chembe zinaingia kwenye uvimbe kwa kuvushwa na seli za ukuta wa mshipa zenyewe, wala si kwa kupenya kwenye nyufa. Kama hilo litathibitika kwa binadamu, basi ngozi ya nje ya chembe tuitengeneze kwa ajili ya seli za mshipa kwanza, seli ya kansa ije baadaye, na miaka thelathini ya michoro ibadilishwe.

Usivunjike moyo lakini, maana ndipo kazi ilipo kwa vijana kama wewe. Kuna wanaotengeneza PEG inayojivua yenyewe ikifika, wanatumia kwamba mazingira ya uvimbe yana asidi kidogo, pH 6.5 hadi 6.9 badala ya 7.4 ya damu, au wanaiunga kwa peptidi, kipande kifupi cha protini ambacho vimeng'enya vya uvimbe vinakikata, chembe inajificha kwenye damu na kujifunua kwenye uvimbe. Liangfang Zhang na wenzake kule San Diego 2011 waliichukua ngozi ya seli nyekundu za damu wakaivisha chembe, protini zote za asili ziko juu, mwili ukaiona ni yake. Kina Discher wa Pennsylvania 2013 walibandika kipeptidi kidogo kilichoigwa kutoka protini ya CD47, ile inayoiambia makrofeji iache, huyu ni wa nyumbani. Na wapo walioamua kutopigana na protini za damu bali kuzitumia, dawa ya Onpattro iliyopitishwa 2018, ambayo si ya kansa, ikiingia kwenye damu inajiokotea apolipoprotini E na hiyo ndiyo inaipeleka kwenye seli za ini. Siegwart na wenzake wa Dallas 2020 wakaonyesha kwa panya kwamba ukibadilisha chaji ya lipidi, yaani mafuta, unazoongeza unaweza kuzipeleka chembe kwenye mapafu au wengu badala ya ini. Unaona fikra ilivyogeuka, badala ya kuilazimisha anwani yako unachagua ngozi ambayo damu yenyewe itaiandikia anwani unayoitaka.

Ukipata mradi wa kufanya, hata kama maabara yenu haina mashine kubwa, pima chembe zako ndani ya seramu ya binadamu na si ndani ya maji tu. Chukua ukubwa na chaji kabla na baada. Hilo pekee litaifanya ripoti yako iwe na maana kuliko nyingi zilizochapishwa.

SWALI: Nimeuziwa chupa ya matone, muuzaji amesema ni nano ya fedha, inapenya mpaka kwenye kansa na unakunywa asubuhi kabla ya chai. Mke wangu ana saratani ya mlango wa kizazi, ni bei kubwa lakini nimeshanunua moja. Niendelee? – Mzee wa Mji wa Kale

JIBU: Mzee wangu shikamoo. Hapana, usinunue nyengine, na hiyo aliyonayo mama asiinywe.

Dawa nano za kansa zilizopitishwa ambazo nimezitaja hapo juu, na nyengine kama Abraxane au Onivyde zilizo kwa saratani ya kongosho, zote zinatiwa kwa dripu hospitalini chini ya macho ya nesi, hakuna hata moja ya kunywa kwa matone nyumbani. Fedha ya kunywa haijathibitishwa kutibu kansa yoyote, FDA ya Marekani ilishatamka tangu 1999 kwamba bidhaa kama hizo za fedha hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na kazi, na ukiinywa kwa muda inajikusanya mwilini, ngozi inageuka rangi ya kijivu na hairudi. Dawa halali nchini inakuwa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, kwa hivyo ipeleke hiyo chupa kwa mfamasia aliye karibu nawe aiangalie, au uripoti kwao. Na saratani ya mlango wa kizazi mzee wangu ina tiba yake inayojulikana, upasuaji, mionzi pamoja na kemo, ikiwahiwa inapona. Kinachonitia hofu zaidi ya hiyo pesa ni wiki zinazopotea huku mama akinywa matone, tafadhali mrudishe kliniki wiki hii.

SWALI: Mimi ni mgonjwa wa saratani ya ovari, nilibadilishiwa nikapewa ile dawa ya liposomu. Dripu ya kwanza haikumaliza hata robo nikahisi uso unawaka moto, mgongo unauma, kifua kimebana. Nesi akaisimamisha. Sasa naogopa ya pili, na mtu ameniambia nina aleji ya PEG ati hata mafuta ya kupaka niache. – Mama wa Changamwe

JIBU: Dada pole kwa mshtuko huo, na huyo nesi aliyeisimamisha haraka amefanya kazi yake sawasawa. Ulichopata kinajulikana, kwenye majaribio ya saratani ya ovari kama mgonjwa mmoja kati ya tisa hivi alipata, na mara nyingi kinakuja kwenye dripu ya kwanza. Kinachotokea ni kwamba mfumo mmoja wa kinga ulioko kwenye damu, unaitwa komplementi, unaiona ile ngozi ya chembe na kuwaka ghafla. Si lazima iwe aleji ile ya kawaida ya kukutana na kitu mara ya pili, ndio maana inaweza kukupata mara ya kwanza kabisa.

Kuhusu PEG, ni kweli watu wengi wana antibodi za PEG kwenye damu bila kujua, maana iko kwenye vipodozi, dawa za kulainisha choo na vitu vingi tu vya dukani. Mwenye nazo nyingi chembe zake zinaweza kuondolewa haraka kwenye damu, au akapata mchomo kama wako. Hii ndiyo sababu kubwa watafiti wanaitafuta ngozi nyengine ya kuchukua nafasi ya PEG, kama polisakosini, au zile zenye chaji chanya na hasi zikiwa pamoja kiasi kwamba maji yanazishika na protini haziwezi. PEG imetusaidia sana, lakini kwa maoni yangu imekaa peke yake kwa muda mrefu mno.

Lakini usijipe jibu mwenyewe wala usipewe na jirani. Wengi waliopata kama yako walirudishiwa dawa baadaye kwa kuitia polepole sana, huanzwa kwa miligramu moja kwa dakika, na wakamaliza salama. Wengine, ambao ilikuwa kali, daktari aliamua wasirudie. Uamuzi unategemea ukali wake, kwa hivyo kabla ya dripu ya pili hakikisha imeandikwa kwenye faili lako ni nini hasa kilitokea, presha ilikuwa ngapi, ilichukua muda gani kutulia na ulipewa dawa gani. Siku yenyewe usikae kimya, ukihisi tu joto la uso au mgongo kuanza mwambie nesi hapo hapo hata kama unaona haya kumsumbua. Mafuta ya kupaka endelea nayo kama hayajawahi kukudhuru.

SWALI: Nimeona video inasema seli za kansa zinapenda sana foleti, ile vitamini ya mboga za majani, ndio wanasayansi wanazibandika chembe foliki asidi, foleti ya kutengenezwa, ili kansa izimeze. Nyanyangu ana kansa na kila siku anakula mchicha na kunde. Si tunailisha kansa? – Kijana wa Likoni

JIBU: Hapana mwanangu, nyanya aachiwe mchicha wake. Ni kweli baadhi ya kansa, hasa za ovari, zina vipokezi vya foleti vingi kuliko seli za kawaida, na wamevitumia kama mlango. Jaribio kubwa la vintafolidi, foliki asidi iliyofungwa dawa, lilisimamishwa 2014, lakini Elahere, antibodi inayoshika kipokezi hicho hicho, ilipitishwa Marekani 2022 kwa saratani ya ovari. Hayo yote ni ya kubeba dawa, hayana uhusiano na chungu cha nyanya. Mgonjwa wa kansa anahitaji kula, na seli zake za damu zinaihitaji hiyo foleti kujitengeneza baada ya kemo.

Ambacho asifanye ni kuanza vidonge vya foliki asidi vya dozi kubwa kwa kujinunulia, hasa akiwa anatumia kapesitabini, kemo ya vidonge, au dawa za jamii hiyo, maana foleti nyingi inazizidishia sumu, anaweza kuharisha vibaya na mdomo kujaa vidonda. Akiwa tayari ana vidonge hivyo nyumbani, au zile multivitamini za chupa, zichukueni zote mwende nazo kliniki daktari azione.